Safu Katikati ya Mahindi

Kazi yangu ni kunusa. Nikiwa mjini, mtu akiniuliza nafanya kazi gani namjibu niko serikalini, yaishe, maana ukimwambia wewe ni mpima harufu wa kata anasogeza kiti chake nyuma kidogo. Hapa Nyabikondo hakuna anayesogeza kiti. Wananiita Rhobi wa Pua, wananipisha njiani, na nikishapita wanaanza kubishana shamba la nani litapata daraja kubwa msimu huu.

Jumatatu ile nilifika juu ya kilima saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nikafungua sanduku, nikaitoa Pua, nikaipulizia pumzi yangu mara tatu ili ijue harufu yangu na iiweke kando. Pua yenyewe ina ukubwa wa ngumi. Ina mabawa manne membamba, na tumboni ina vinyweleo elfu arobaini vilivyooteshwa maabara kwa kuiga pua ya mbwa. Inaruka juu ya mashamba, inavuta hewa, na kila shamba inalipa alama: bangi hii ni aina gani, imekomaa kiasi gani, ina daraja gani. Bei inapangwa kwa alama hiyo, na kodi inafuata bei. Kilo hazimshughulishi mtu.

Haikuanza hivyo. Jani, ndivyo tunavyoiita bangi, liliporuhusiwa miaka kumi na minne iliyopita, makampuni yalikuja na mahema ya plastiki, yakamwaga jani sokoni kwa tani, bei ikaanguka mpaka watu waliojenga nyumba za matofali enzi za kujificha wakaanza kuuza mabati ya nyumba hizo hizo. Kodi ya harufu ndiyo iliyotuinua. Jani la hema linanuka karatasi. La mlimani kwetu linafuatwa kutoka ng'ambo na watu wanaovaa glavu kulishika.

Nilikaa juu ya jiwe na chapati yangu, nikawa natazama alama zikija kwenye kioo changu cha mkononi. Shamba la ushirika wa akina mama, daraja la nne. Shamba la mchungaji, la tatu. Mchungaji huyu alikataa maji ya bomba la kata miaka miwili mizima, eti ni maji ya bangi, mkewe akawa anateka mtoni. Siku hizi ana ekari moja na nusu, na hupiga simu kuuliza daraja lake kabla sijashuka kilimani.

Halafu Pua ikasimama. Ilikuwa juu ya mahindi ya bibi yangu, inazunguka pale pale, inashuka, inapanda, inashuka tena. Kioo kikaandika: HARUFU HAIJASAJILIWA. DARAJA LA SABA. Nikaacha kutafuna. Daraja la saba, la juu kabisa, nililisoma chuoni, na hata mwalimu aliyetufundisha alikiri hajawahi kukutana nalo.

Bibi yangu, Wegesa, hajawahi kuomba leseni ya bangi. Sababu yake kila mtu hapa anadhani anaijua: serikali ya zamani ilimfunga mumewe, babu yangu Sagirai, miaka saba kwa ajili ya bangi, na yeye hataki kula sahani moja na serikali. Pua za zamani zilikuwa zinapita juu ya shamba lake na kusema mahindi. Zile zilijua harufu zilizosajiliwa tu, kitu kingine zilikitupa kama takataka. Hii mpya ilikuwa imefika kwa basi wiki iliyopita, toleo la nne, na haitupi kitu.

Sasa nieleze kwa nini niliacha kutafuna. Theluthi ya kodi ya jani inarudi kwenye kata, na sisi wenyewe tunanyoosha mikono mkutanoni kuamua ifanye nini. Miaka minne iliyopita tulinyoosha mikono, tukajenga Nyumba ya Figo: vitanda vinne, mashine nne za kusafisha damu, watu kumi na wawili wanaozitegemea, kila mmoja mara tatu kwa wiki. Kabla ya hapo walikuwa wanasafiri saa tano kwenda na saa tano kurudi, na wengine hawakurudi. Lakini sheria ya jani ina jino moja. Kata ikikutwa na shamba lisilosajiliwa, inakosa theluthi yake mwaka mzima. Ndivyo walivyokomesha magendo, kwa kumfanya jirani awe mlinzi wa jirani.

Kuna mlango mmoja tu. Mwenye shamba akijitokeza mwenyewe kabla ripoti haijaondoka, hana kosa wala kata haina kosa. Anapewa leseni, anakatwa kodi ya miaka mitatu kwenye mavuno, basi. Na ripoti huwa haiondoki hapo hapo. Inakaa siku tatu ili mpima ahakikishe harufu haikuletwa na upepo kutoka kwingine. Yangu ingeondoka Alhamisi saa sita mchana.

*

Bibi nilimkuta jikoni anasonga ugali wa wimbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula chapati. Nawa mikono."

Nikanawa. Huwezi kuzungumza na Bibi ukiwa na tumbo lenye chapati peke yake. Aliweka ugali, akaweka maziwa ya mgando, akaketi na kunitazama kama askari wa magereza mpaka nikamaliza tonge la tatu.

"Bibi, kuna nini shambani?"

"Mahindi."

"Na katikati ya mahindi?"

"Mahindi mengine."

"Bibi."

Akafuta mikono kwenye khanga, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikamfuata. Bibi hatumii mlango wa mbele kama wa nyuma upo. Wazee wengi wa hapa wako hivyo. Duka la jani la kata lilipofunguliwa, na leseni imening'inia ukutani, wazee walikuwa wanazunguka nyuma wakiwa wameshusha kofia mpaka machoni, wanagonga ukuta. Ikabidi fundi aitwe atoboe ukuta na kuwawekea mlango. Mpaka leo foleni ya nyuma ni ndefu kuliko ya mbele, na huko nyuma bado wanaiita bangi "mboga", kwa sauti ya chini.

Tuliingia kwenye mahindi. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu nikaiona safu. Miche ilikuwa imekunjwa magotini na kufungwa kwa kamba za mgomba ili isiyazidi mahindi kimo. Haikunyooka. Ilikwenda ikipinda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Sikuhitaji Pua. Nilinusa udongo uliolowa, nikanusa ndimu, na chini yake kabisa kitu kama kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi. Nilisikia utoto wangu wote puani.

"Kwa nini unaificha? Imeruhusiwa miaka kumi na minne."

"Siifichi. Ndivyo inavyopandwa."

"Watu wanaipanda juani, Bibi, na kibao wanaweka."

"Hao wanapanda kitu kingine."

Kisayansi hakuwa mbali na ukweli. Jani linalogombea jua na mahindi, na kukunjwa kila wiki, linatoa mafuta ambayo jani lililostarehe halitoi. Ningeweza kuandika kitabu kuhusu safu ile. Lakini Bibi hakuwa anafanya sayansi. Alijifunza kupanda akiwa anajificha, na mikono yake haikuwahi kuambiwa kwamba sheria imebadilika.

"Unamuuzia nani?"

"Siku hizi siuzi. Nawachemshia wale wa Nyumba ya Figo. Wanasema ngozi inawawasha usiku, wakinywa wanapata usingizi. Afande naye, yule wa kitanda cha dirishani, nampa. Analalamika sana yule, akinywa ananyamaza."

Nikamweleza yote: Pua mpya, theluthi, siku tatu. Nikamwambia twende ofisini kesho, dakika kumi, jina lake na sahihi, tumemaliza. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho.

"Jina langu haliandikwi kwenye karatasi ya bangi."

"Bibi, vitanda vitafungwa."

"Kwani anayeandika si wewe? Andika unavyojua."

"Sheria—"

"Nilikusomesha kwa safu hii," alisema, wala hakupandisha sauti. "Darasa la kwanza mpaka chuo cha kunusa. Wakati ule hukuniuliza kuna nini katikati ya mahindi."

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli.

*

Jumanne niliandika upepo.

Ni neno la kawaida kabisa katika kazi yetu. Harufu ikitoka shamba la bondeni ikapanda mpaka juu ya nyanya za mtu, mpima anachagua UPEPO kwenye kioo na mambo yanaisha. Nimeliandika mara mia na zaidi, na kila mara lilikuwa kweli. Hakuna anayeuliza. Mpima akisema upepo, ni upepo.

Nilibonyeza, nikafunga ofisi, nikaenda kula wali na maharage kwa Mama Ntilie, na wali ukawa mtamu. Nilimaliza sahani. Nikacheka na watu. Nilijiambia kwamba watu kumi na wawili wataendelea kuishi, Bibi atalala kwake, na serikali itakosa kodi ya miche sitini ambayo haikujua kama ipo. Mahesabu yalikubali kila upande.

Nilipokuwa nanawa ndipo nikakumbuka kwamba Pua inaruka kila wiki mbili. Upepo huu ungenibidi niuandike tena baada ya wiki mbili, na tena, mpaka Bibi afe. Na kazi hii walinipa mimi kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alianza kuandika upepo kwa ajili ya shemeji yake.

*

Jumatano asubuhi nilikwenda Nyumba ya Figo. Nilijidanganya kwamba nakwenda kupima hewa ya chumba cha dawa. Ukweli nilitaka kuwaona wale watu.

Afande Nyamhanga alikuwa kitanda cha dirishani, mahali pake. Ni polisi mstaafu, ana miaka sabini na sita, mrefu mpaka miguu inazidi kitanda. Kila mtu hapa anajua kwamba ndiye aliyemfunga babu yangu. Kila mtu anajua pia kwamba miaka kumi sasa anakunywa chai kwa bibi yangu kila Jumapili, wakitukanana kwa heshima kuanzia kikombe cha kwanza mpaka cha mwisho. Tumeshazoea, hatuulizi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mama. Mbona uso umeuvaa kinyume?"

Nilivuta kiti. Mashine ilikuwa inanguruma taratibu, damu yake inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Kwenye ubavu wa mashine kuna kibao kidogo: IMENUNULIWA KWA THELUTHI YA JANI, KATA YA NYABIKONDO. Afande huwa anakigeuza kibao kielekee ukutani, halafu muuguzi, Sista Prisca, anakirudisha. Siku hiyo kilikuwa kinatutazama.

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, lakini ni mtu aliyehoji watu miaka thelathini, anajua kunyamaza mpaka mwingine aseme. Nilipofika kwenye upepo alifumba macho.

"Mimi pia niliandika hivyo mara moja," alisema.

"Upepo?"

"Sagirai."

Akaniomba nimwinulie mto. Kisha akaniambia polepole, na mimi nikasahau kabisa hewa ya chumba cha dawa.

"Tulikwenda pale askari wanne, saa nne asubuhi. Tukaikuta safu katikati ya mahindi. Nikauliza ya nani. Babu yako akatoka mbele, akanyoosha mikono nimfunge. Alikuwa fundi seremala, Sagirai. Kile kitanda ulichozaliwa juu yake alikitengeneza yeye, hakina hata kona moja iliyopinda. Angepanda yeye, safu ingenyooka kama ubao. Ile ilikuwa inakwenda hatua tatu, inapinda kushoto. Hatua tatu, inapinda kushoto. Nikageuka nikamtazama bibi yako. Mtoto alikuwa mgongoni, amemlalia upande wa kulia. Mama yako huyo, Nyangi. Mtu mwenye mtoto amemlalia kulia anainama kushoto tu."

"Ulijua."

"Nilijua kabla sijafungua daftari. Nikaandika Sagirai."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na mtoto ananyonya. Yeye kajitoa mwenyewe. Nikaona natenda wema." Alitazama mrija. "Labda nilitenda. Alipotoka, baada ya miaka saba, alinikuta sokoni akanisalimia. Akaniuliza habari za nyumbani. Afadhali angenitukana."

"Bibi anajua kwamba ulijua?"

"Hatujawahi kuigusa. Tunazungumza chai ina majani mengi, chai ina majani machache."

Babu yangu nilimkuta. Alinitengenezea kigoda, alifariki kitandani kwake akiwa mzee, na sikuwahi kumsikia akilitaja gereza. Nilikuwa nadhani ni uchungu. Sasa nikaona kwamba alikuwa anatunza siri ya mkewe, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo niuache upepo au niufute?"

Afande alicheka mpaka mashine ikalia na Sista Prisca akachungulia.

"Unamuuliza nani? Mimi damu yangu iko humo ndani. Unamuuliza mwenye njaa kama chakula kigawiwe." Akanishika mkono kwa mkono wake usio na mrija. "Kesho nipeleke kwa Mama Nyangi. Mapema. Wewe lako utaamua mwenyewe."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi bajaji ya umeme ilitushusha kwenye njia ya shamba. Afande alikuwa na fimbo, na kofia yake ya zamani ya kazi ambayo sikujua kama bado anayo.

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Mlango wa nyuma, bila shaka.

"Afande, leo si Jumapili."

"Leo nimekuja kazini, Mama Nyangi."

"Umechelewa. Mshahara walishakukatia zamani."

Afande aliingia kwenye mahindi akitangulia na fimbo. Bibi akaweka ungo chini, akanitazama mimi, nami nikatazama pembeni. Tulimfuata. Alipofika kwenye safu alisimama mwanzo wake kabisa, akaanza kutembea na kuhesabu kwa sauti.

"Moja, mbili, tatu, kushoto. Moja, mbili, tatu, kushoto." Alipumzika kidogo, akahema, akaendelea. "Moja, mbili, tatu. Kushoto." Kisha akageuka. "Nyangi ana wajukuu sasa, na bado unampisha mgongoni."

Majani ya mahindi yalikuwa yanasuguana. Bibi alisimama na mikono imening'inia, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mfupi.

"Ulijua," alisema.

"Siku ile ile."

"Ukaandika Sagirai."

"Nikaandika."

Akakaa chini kwenye udongo, katikati ya safu. "Nilitaka kusema," alisema. "Sagirai alinitazama nisiseme. Nikajiambia nitasema akishafika kituoni. Halafu nikajiambia kesho. Halafu mtoto akaugua. Alipotoka nikataka kusema mbele ya watu, akasema Wegesa, niache na changu." Alichukua bonge la udongo akalivunja kwa vidole. "Nikija kwenye hiyo ofisi yenu, wataniuliza nimeanza lini kupanda. Niseme nini? Niseme mwaka jana?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anaikatalia serikali. Alikuwa anakwepa swali moja kwenye fomu.

Ningeweza kunyamaza. Ningemwacha na upepo wangu, alale, azeeke, wala asijue. Nilimpenda kiasi hicho, na bado nampenda. Lakini nilimtazama Afande ameegemea fimbo, mtu mzima ambaye bado anabeba jina moja aliloliandika miaka hamsini na mbili iliyopita kwa huruma.

"Bibi, mimi nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Upepo. Nimesema harufu hii si yako, imetoka kwingine. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Nilidhani angefarijika. Alininyooshea kidole, nacho kilikuwa na udongo.

"Wa kwanza mume wangu. Wa pili huyu. Wa tatu wewe, niliyekupangusa makamasi. Nyote mnanibeba tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama miguu yangu mizima."

Akasimama, akajipangusa khanga, akaingia ndani. Tulisubiri nusu saa. Hakutoka. Afande akasema turudi, tukapanda bajaji.

*

Ofisini walikuwa watu sita kwenye benchi wakisubiri Mtendaji wa kata, wengine wa vibali vya kujenga, wengine wa mgogoro wa mbuzi. Afande naye akaketi hapo. Mimi nilikwenda mezani kwangu, nikafungua kioo. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

UPEPO lilikuwa pale, limekaa vizuri, halina shida na mtu.

Niliwapitia wale watu kumi na wawili kwa majina. Nilimpitia Afande, aliyekuwa anafuta kofia yake kwa kiwiko kwenye benchi. Ningeufuta na Bibi asije, kufikia mwezi ujao vitanda vingekuwa vimefunikwa mashuka. Ningeuacha, hakuna ambaye angejua, ila ningekuwa mtu wa upepo kila wiki mbili, na safu nzuri kuliko zote katika mlima huu ingekufa siku Bibi akifa, bila jina, kama takataka ambayo Pua za zamani zilitupa. Lakini zaidi ya yote nilikuwa nasikia lile alilosema kuhusu miguu yake. Alikuwa amekasirika kama mtu anayejiandaa kutembea. Hiyo ndiyo sababu yangu, na najua haitoshi.

Nikaufuta. Kioo kikauliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Saa sita kasoro dakika tisa, mtu aligonga mlango wa nyuma wa ofisi, ule wa kutupia taka. Mtendaji akaufungua kwa mshangao. Bibi aliingia akiwa na viatu vya kanisani na mche mmoja wa jani, mizizi na udongo wake, ameufunga kwenye khanga kama mtoto. Chumba kizima kikanuka ndimu na moshi wa kibuyu.

"Nimekuja kujiandikisha," alisema. "Mnauliza nini? Ulizeni."

Nilimvutia kiti. Nikafungua fomu. Jina la mwenye shamba, akalitaja. Ukubwa wa shamba, akautaja. Nikamweleza kodi ya miaka mitatu itakatwa kwenye mavuno.

"Inakwenda wapi?"

"Theluthi inabaki hapa, Bibi. Dawa, maji safi ya mashine, mishahara ya Nyumba ya Figo."

Akageuka kwenye benchi. "Kwa hiyo namlipia huyu."

"Kiasi," alisema Afande.

"Miaka kumi nakunywesha bure na hujawahi kusema asante. Sasa utasema kila Jumapili."

Watu wakacheka, na Afande akacheka kuliko wote. Nikaenda kwenye swali la mwisho kasoro moja. Nililisoma polepole.

"Mwaka wa kwanza kupandwa?"

Bibi hakunitazama. Aliwatazama wale wa kwenye benchi, watu wazima waliokuwa na umri wa kukumbuka.

"Mwaka aliozaliwa Nyangi," alisema. "Kabla ya askari kuja. Nilipanda mimi."

Yule mzee wa mgogoro wa mbuzi alivua kofia. Afande alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza kidogo, nadhani alikuwa anahesabu hatua. Nikaandika mwaka.

Swali la mwisho lilikuwa jina la harufu. Harufu mpya ikisajiliwa lazima ipewe jina, na jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye kila mzigo utakaotoka hapa. Niliona najua la kufanya. Nilishaliandika, tena kwa herufi kubwa, nikamgeuzia kioo aone: SAGIRAI.

"Futa," alisema.

"Bibi, ni heshima kwake."

"Alishalibeba miaka saba, limechoka. Andika Wegesa."

Nikafuta, nikaandika Wegesa. Kioo kikaonyesha daraja la saba, kikaonyesha leseni, kikaonyesha saa sita kasoro dakika mbili. Mtendaji aliupokea ule mche kwa mikono miwili, akatafuta ndoo ya kuupanda.

Bibi alinishika shavu kwa vidole vyenye udongo, akaniambia nipite jioni nile chakula cha kweli. Kisha akaelekea mlango wa nyuma. Mkono wake ulishafika kwenye komeo aliposimama. Alikaa hivyo kidogo, ametupa mgongo. Halafu akageuka, akapita katikati ya ofisi mbele ya wale watu wa kwenye benchi, viatu vya kanisani vikigonga sakafu, akatoka kwa mlango wa mbele.